Saa zangu za kazi zimekatwa kutoka 40 hadi 14. Niache kazi ndipo niombe mafao?

Swali

Ndugu washauri, habari za kazi.

Nafanya kazi ya kufunga mizigo kwenye ghala moja hapa Fort Worth, Texas, mwaka wa pili sasa. Niliajiriwa kwa dola 18 kwa saa, saa 40 kwa wiki. Mwezi uliopita ratiba ilipotoka kwenye simu nikaona nimepangiwa siku mbili tu, saa 14 kwa wiki nzima. Nikadhani ni makosa. Wiki iliyofuata ikawa vivyo hivyo, na hadi leo haijabadilika. Sijapewa barua yoyote. Meneja anasema oda zimepungua, na kama naona hazitoshi nitafute kwingine.

Kila ninayemuuliza ana lake. Shemeji yangu anasema mafao ya kukosa kazi ni ya aliyefukuzwa tu, mimi bado nina kazi kwa hiyo sina haki. Rafiki yangu ananiambia niache kazi kwanza ndipo niombe. Mwingine kanitisha kabisa: nina grini kadi na mwakani nataka kuomba uraia, anasema nikipokea pesa ya serikali nitanyimwa.

Jumamosi huwa nasuka nywele nyumbani na wiki nyingine napata hadi dola 100 taslimu. Sijui kama hilo linahusika. Kiingereza changu ni cha kuombea maji, fomu ndefu zinanitia hofu. Naomba mnielekeze hatua kwa hatua.

Mama wa watatu, Fort Worth

Jibu

Mama wa watatu, salaam.

Usiache kazi. Rafiki yako amekutakia mema, lakini ushauri wake ungekugharimu, na hesabu ya kuonyesha hivyo tutaifikia. Shemeji naye amekosea. Texas Workforce Commission, idara ya jimbo inayosimamia mafao haya (kwa kifupi TWC), inamtambua mtu ambaye bado yuko kazini lakini mwajiri kamkatia saa. Masharti yake ni mawili: saa zisiwe zimepunguzwa kama adhabu kwa kosa lako, na isiwe wewe mwenyewe uliyeomba zipunguzwe. Oda kupungua ni shida ya biashara, haikuhusu. Kwa maelezo yako, mlango uko wazi.

Jambo la pili ni haraka. Madai huanza kuhesabiwa tangu Jumapili ya wiki uliyoomba, na kwa kawaida hayarudishwi nyuma. Wiki ulizokwisha kukaa kimya zimekwenda. Ukiomba Jumamosi usiku bado umeiokoa wiki hiyo nzima. Ukisubiri Jumapili asubuhi umeipoteza.

Utapata kiasi gani

TWC hawaangalii unachopata sasa. Wanaangalia kipindi cha msingi, yaani robo nne za kwanza kati ya robo tano za mwisho zilizokamilika kabla hujaomba (robo moja ni miezi mitatu ya mwaka). Ukiomba kati ya Aprili na Juni 2026, kwa mfano, kipindi chako ni Januari hadi Desemba 2025. Wanachukua robo uliyolipwa zaidi, wanagawanya kwa 25, na hicho ndicho kiwango chako cha wiki.

Kwa dola 18 na saa 40 ulikuwa unapata dola 720 kwa wiki. Robo ya mwaka ina wiki 13, kwa hiyo dola 9,360. Gawanya kwa 25 unapata dola 374. Ili ustahili, uwe umelipwa katika robo zaidi ya moja, na jumla ya mishahara ya kipindi chote ifike mara 37 ya kiwango hicho, yaani dola 13,838. Kama ulifanya kazi mwaka mzima kwa saa zako za kawaida, umevuka mbali.

Sasa, kwa kuwa bado unafanya kazi, hulipwi zile 374 zote. Unaruhusiwa kupata robo ya kiwango chako bila kukatwa kitu: asilimia 25 ya 374 ni dola 93 na senti 50. Kila dola inayozidi hapo inakatwa kwenye mafao, dola kwa dola. Saa 14 zinakupa dola 252. Toa 93.50, inabaki 158.50. Toa hiyo kwenye 374, mafao yako ni kama dola 215. Ukijumlisha na mshahara, wiki yako inafika dola 467 kabla ya kodi.

Wakikupa saa 20, mshahara unapanda hadi 360 na mafao yanashuka hadi kama 107. Jumla? Ni ileile 467. Kwa mshahara wako, kuanzia saa ya sita hivi hadi karibu na saa ya 26 jumla haibadiliki. Ukifikisha saa 26 mafao ya wiki hiyo yanakuwa sifuri. Watu wengi wakiligundua hili huanza kukwepa shifti, wakisema kuna faida gani kwenda kuchoka. Usifanye hivyo. Kwanza, kukataa saa ulizopewa ni jambo unalotakiwa kuripoti, na linaweza kukunyima mafao kabisa. Pili, pesa ambayo hukuichukua wiki hii haipotei. Mfuko wako wote ni kiwango cha wiki mara 26, au asilimia 27 ya mishahara ya kipindi cha msingi, kile kilicho kidogo. Kwako ni dola 9,724. Ukichota 215 kwa wiki, mfuko unakaa wiki 45. Ukichota 107, unamaliza mwaka wa madai, ambao ni wiki 52, ukiwa na akiba.

Tumrudie rafiki yako. Ukiacha kazi na ukashinda madai, utalipwa 374, pungufu ya dola 93 kuliko ukibaki. Na kushinda kwenyewe ni kazi. TWC kwa muda mrefu wamekubali kwamba kukatwa malipo kwa asilimia 20 au zaidi kunaweza kuwa sababu ya haki ya kuacha, na wewe umekatwa asilimia 65. Lakini aliyeacha ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha, na ukiwa umefanya kazi majuma kadhaa chini ya ratiba mpya wanaweza kusema ulishaikubali. Ya nini kupigana vita ambavyo ukishinda unapata kidogo?

Kabla ya kufungua fomu

Kusanya haya mezani: jina la mwajiri, anwani na simu kama yalivyo kwenye karatasi ya mshahara, tarehe kamili uliyoanza kazi, tarehe ya mwisho uliyofanya kazi kabla ya kuomba (si siku ya kuachishwa, hukuachishwa), saa ulizofanya wiki hiyo kuanzia Jumapili na malipo kwa saa, namba ya Social Security, na namba ya A iliyo kwenye grini kadi yako. Angalia vizuri jina la mwajiri. Maghala mengi hutumia mawakala wa ajira, na aliyekuajiri kisheria ni yule anayekulipa na kukutumia W-2, fomu ya mshahara wako wa mwaka, hata kama fulana unayovaa ina jina la kampuni nyingine.

Maombi hufanywa kwenye tovuti ya TWC au kwa simu, na ni bure. Anayekutoza dola 50 au 100 akujazie anauza kitu ambacho hakina bei, tena anabaki na namba zako zote za siri. Lugha isikutishe: idara za jimbo zinazopokea fedha za serikali kuu zinawajibika kisheria kutoa msaada wa lugha. Ukipiga simu sema tu "Swahili interpreter" na usubiri mkalimani, hulipii. Usimtumie mtoto wako kutafsiri. Neno moja likikaa vibaya katika madai haya linageuza maana yote.

Na neno hilo hukaa vibaya hasa pale fomu inapouliza kwa nini hufanyi kazi muda wote. Jibu lako ni kwamba saa zimepunguzwa. Usichague kwamba umefukuzwa wala kwamba umeacha. Kwenye maelezo andika sentensi fupi: niliajiriwa kwa saa 40, tangu tarehe fulani napangiwa saa 14, sababu niliyopewa ni kupungua kwa oda, sikuomba kupunguziwa, bado niko kazini na niko tayari kufanya muda wote. Hapo inatosha. Malalamiko juu ya tabia ya meneja hayaongezi kitu. Yanampa afisa mashaka kwamba kuna ugomvi au adhabu ndani yake.

Utatakiwa pia kujiandikisha WorkInTexas, tovuti ya jimbo ya kutafuta kazi, ndani ya siku tatu za kazi baada ya kuomba, na kutafuta kazi kila wiki. Kuwa na saa 14 hakukuondolei sharti hilo kwa kuwa bado unahesabiwa kama mtu asiye na kazi ya muda wote. Idadi ya majaribio kwa wiki hutegemea kaunti na utaiona kwenye barua yako. Kwa kawaida si chini ya matatu. Weka daftari: tarehe, jina la mwajiri, kazi gani, uliomba kwa njia ipi, jibu lilikuwa nini. Wanaweza kuliomba wakati wowote.

Kuripoti kila wiki mbili

Hapa ndipo wengi huangukia, tena watu waaminifu kabisa. Kuomba mara moja hakutoshi. Kila baada ya wiki mbili, siku uliyopangiwa, unaingia kuomba malipo na kujibu maswali kuhusu kila wiki peke yake. Fanya hivyo hata kama uamuzi haujatoka, hata kama umekataliwa na uko kwenye rufaa. Ukishinda baadaye, wiki ambazo hukuziombea hazilipwi.

Unaripoti mshahara kabla ya makato, kwa wiki uliyoufanyia kazi. Si ulichokuta benki, na si siku kilipoingia. Wiki ya TWC inaanza Jumapili na kuisha Jumamosi usiku. Wiki ya mwajiri wako inaweza kuwa Jumatatu hadi Jumapili. Sema umefanya saa 7 Jumapili na saa 7 Alhamisi inayofuata. Kwa TWC hizo ni wiki moja, saa 14. Kwenye karatasi ya mshahara, ile Jumapili imeangukia wiki iliyopita. Ukinakili karatasi tu, wiki moja itaonekana umezidisha na nyingine umepunguza, na siku mwajiri atakapotuma rekodi zake kwa wiki, namba hazitafanana. Tiba yake ni ndogo: andika saa zako siku ileile unapotoka kazini, kisha zidisha kwa 18 mwenyewe.

Ukigundua umeripoti vibaya, piga simu urekebishe kabla hawajakuita. Kosa lililosahihishwa linabaki kuwa deni la kurudisha. Lililofichwa linaitwa udanganyifu: unarudisha pesa yote, unaongezewa asilimia 15 ya adhabu, na unapoteza mafao yaliyobaki. Deni hilo halichachi kwa kupita miaka.

Kwa hiyo, ndiyo, zile dola 100 za kusuka zinahusika, na lazima uziripoti katika wiki uliyosuka. Tunajua ni taslimu na hakuna karatasi. Tunajua pia hesabu itakavyokuuma: 252 na 100 ni 352, mafao yanashuka hadi kama 115, na jumla inarudi palepale 467. Tunza risiti za nywele na vifaa ulivyonunua uzionyeshe ukiulizwa gharama zako.

Na uraia? Mafao haya si msaada wa maskini. Ni bima inayolipiwa na kodi ya mwajiri, na unaipata kwa sababu ulifanya kazi. Kuyapokea kihalali hakukunyimi uraia. Kinachoweza kukuharibia ni kuongopa ili uyapate, kwa sababu maombi ya uraia yanapima mwenendo mwema, na pesa ya serikali iliyopatikana kwa uongo inagusa hapohapo. Ukitaka uhakika juu ya faili lako zima, muone mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kujaza N-400, fomu ya kuomba uraia. Lakini usiwaache watu wakutishe juu ya bima yako halali huku zile dola 100 za Jumamosi, ambazo ndizo zenye hatari, hakuna anayezitaja.

Mwajiri akipinga

TWC watamwandikia mwajiri wako, naye ana siku 14 kujibu. Ana sababu ya kupinga, maana mafao yako yanaweza kumpandishia kodi. Majibu ya kawaida ni matatu: "hatukumwahidi saa 40", "ameomba mwenyewe kupunguziwa", na "tunampa shifti anakataa". Yote yanavunjwa na karatasi, si maneno. Tafuta barua au ujumbe wa kuajiriwa. Weka karatasi za mshahara za miezi sita kabla ya mabadiliko, zinazoonyesha 40, 40, 40. Piga picha ya skrini ya kila ratiba inayotoka, kwa kuwa programu nyingi hufuta za zamani, na siku ukifungiwa akaunti hupati chochote. Kisha mtumie meneja ujumbe wa maandishi, wa heshima, kwamba uko tayari kufanya saa 40 na shifti yoyote ikitokea akuite. Huo mmoja unajibu hoja ya pili na ya tatu kwa pamoja. Akiwahi kukupigia simu ukashindwa kwenda kwa sababu ya mtoto mgonjwa, andika tarehe na sababu, na uripoti.

Uamuzi kwa kawaida huchukua wiki kama nne. Wiki ya kwanza ya madai ni ya kusubiri na hailipwi mara moja; utaidai baadaye, ukishapokea mafao yanayofika mara mbili ya kiwango chako cha wiki na ukawa umerudi kazi ya muda wote au umemaliza mfuko. Usishangae malipo ya kwanza yakikosa wiki moja.

Ukikataliwa, kata rufaa. Una siku 14 tangu tarehe barua ilipotumwa. Haihesabiwi tangu uliposoma wala ilipofika kwenye sanduku. Kwa hiyo hakikisha anwani yako ni sahihi na fungua kila bahasha ya TWC siku inapofika, hata kama unadhani ni tangazo. Rufaa haihitaji ufasaha: jina, namba yako, tarehe ya barua, na kwamba hukubaliani na uamuzi. Shauri husikilizwa kwa simu. Nyaraka zako zitume mapema kwa afisa anayesikiliza na nakala kwa mwajiri, la sivyo afisa anaweza kukataa kuzitumia. Omba mkalimani wa Kiswahili unapokata rufaa, si siku ya simu yenyewe.

Wakikufukuza katikati ya haya yote bila kosa lako, madai hayafi. Waarifu TWC mara moja. Sababu inabadilika na mafao yanaweza kupanda hadi kiwango kamili.

Mengine matatu, kwa ufupi

Texas ina mpango uitwao Shared Work, ambapo mwajiri mwenyewe anaomba ili wafanyakazi aliowapunguzia saa walipwe sehemu ya mafao. Lakini unahusu upunguzaji wa asilimia 10 hadi 40 tu. Kwako wamevuka, kwa hiyo usikubali kusubiri ukiambiwa "ofisi inashughulikia Shared Work".

Mafao haya yanatozwa kodi ya serikali kuu. Unapoomba, chagua wakukate asilimia 10 palepale. Texas haina kodi ya mapato ya jimbo, lakini Januari utapokea fomu 1099-G na lazima iingie kwenye ritani yako.

Mwisho, angalia bima yako ya afya leo. Waajiri wengi huitoa kwa wa muda wote tu, na saa 14 zinaweza kuwa zimekutoa bila wewe kuambiwa. Uliza ofisi ya wafanyakazi kwa maandishi inakoma tarehe gani. Ikikoma, una siku 60 za kuchagua bima nyingine kupitia HealthCare.gov, na kama kampuni ina wafanyakazi 20 au zaidi, una haki ya kuendelea na ileile kwa kujilipia, ambayo kwa familia ya watoto watatu huwa ghali mno. Linganisha bei zote mbili kabla hujasaini, na kama kuna mtoto anayetumia dawa za kila siku, chukua dawa za mwezi ujao bima ya sasa ikiwa bado hai.